Kasisi aliyefia Matterhorn ni Charles Hudson
Ndugu, uliuliza kama ni kweli kasisi alikuwemo kati ya waliokufa kwenye Matterhorn, mlima wa Alps ulio mpakani mwa Uswisi na Italia, mwaka 1865. Ni kweli. Aliitwa Charles Hudson, kasisi wa Kianglikana wa kijiji cha Skillington, Uingereza, na awali alihudumia wanajeshi katika vita vya Crimea. Tusimchukulie kama mtalii aliyepotea njia! Mwaka 1855 alikuwa kwenye kundi la kwanza kufika kilele cha juu kabisa cha mlima Monte Rosa, mita 4,634, na mwaka huohuo akapanda mlima Mont Blanc na wenzake bila waongozaji.

Tarehe 14 Julai 1865 walifika juu ya Matterhorn watu saba, akiwemo Hudson na mpanda milima Mwingereza Edward Whymper. Wakati wa kushuka, Hadow, kijana wa miaka 19 aliyekuja na Hudson, aliteleza akamgonga mwongozaji Croz. Wawili hao wakawavuta Hudson na mpandaji mwenzao Francis Douglas, kisha kamba iliyowaunganisha wote ikakatika sehemu ya juu ya alipokuwa Douglas. Wanne wakaporomoka. Inaniuma sana kwamba Hudson, mzoefu vile, ndiye aliyemwona kijana yule anafaa kwenda. Alikuwa na miaka 36. Mwili wake ulizikwa Zermatt, kijiji cha Uswisi kilicho chini ya mlima huo. Wa Douglas haukupatikana.