Ngozi Haitaki Nazi: Bi Fundi Anajibu

Masika haya yameniletea barua nyingi kuliko mikoba. Msomaji mmoja alinitilia ndani ya bahasha kipande cha ngozi chenye koga, ati nikione kwa macho. Nimekiona, na nimepiga chafya asubuhi nzima. Jamani, niandikieni tu, nitaamini.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mie ni binti wa mshona makubadhi. Maharazi, sindano nene ya kushonea ngozi, nilishikishwa na baba barazani kwetu Kikwajuni. Ngozi aliyoipenda ilikuwa nyekundu, iliyolowekwa magome ya mkoko, ngumu kama ubao na inanuka pwani. Makubadhi sasa wanashona wengine. Mie nimebaki na mikoba ya kale, ile inayoshuka na robota za mitumba na ile inayotoka masandukuni mwa mabibi.

Shikamoo Bi Fundi. Nilinunua mkoba wa ngozi wa zamani Mwanakwerekwe, kwenye mitumba, kabla ya Ramadhani. Mzito, mzuri, ila mkavu. Nikaupaka mafuta ya nazi mara tatu mpaka ukang'aa, nikautia kabatini niutoe siku ya Idi. Siku ya Idi nautoa, mweupe kama umemwagiwa unga! Nimeufuta, nimeufukiza udi, harufu imeondoka siku mbili kisha ikarudi. Nifanyeje? — Mama Pacha, Jang'ombe

Marahaba mwanangu. Udi tuuweke kando kwanza. Udi unaliwaza pua zetu, koga haina pua. Ni sawa na mtu asiyekoga akajimwagia manukato.

Kosa ni nazi, na sikulaumu, maana nami nimepita hapohapo. Mwaka niloolewa mama mkwe alinipa mkoba wake wa ngozi ya mbuzi, laini, umekunjika vizuri kama uso wa mtu mzima. Nikaona heshima yake niupake mafuta ya nazi niloyapika mwenyewe. Nikaupaka, nikaupaka, nikaufunga ndani ya mfuko wa nailoni, sandukuni. Mvua zilipokwisha nikaufungua mbele yake. Umeota manyoya ya kijani. Mama mkwe akautazama, akanitazama, akasema, "Mwanangu, huu mkoba au paka?"

Sisi tunapaka nazi kila kitu: nywele, kichanga, mguu uliopasuka. Lakini ngozi ya mkoba imekwisha kufa, haina pa kuyapeleka mafuta. Inayanywa, inakaa nayo. Kwa joto letu hayagandi, yanatembea humo ndani, yanatia rangi giza, yanashika vumbi. Na koga inayala. Koga inataka vitu viwili tu, chakula na unyevu. Unyevu tumepewa bure: unyevu wa hewani ukipita kiasi cha asilimia 70 koga inajiona kwao, na masika ya Unguja hupita hapo mchana na usiku. Chakula umeitilia wewe.

Sasa tuuokoe. Utoe nje ya nyumba, barazani au uani, jifunge mtandio puani. Piga brashi kavu, laini, kila pembe, na bitana uivute nje nayo uipige. Brashi hiyo ioshwe mbali na vyombo vyako. Kisha chukua spiriti na maji, nusu kwa nusu, ulowanishe kitambaa kidogo, kidogo nakwambia, si kuchovya, ujaribu chini ya kitako ambako hapaonekani. Rangi ikitoka nyingi, acha, tumia siki nyeupe na maji kwa kipimo hichohicho. Isipotoka, futa mkoba mzima, nje na ndani. Uanike penye upepo na kivuli. Jua la saa mbili asubuhi kwa nusu saa halina neno. Jua la saa saba litaufanya papa mkavu.

Yale mafuta ya ziada yatoe kwa chaki iliyosagwa au poda. Nyunyiza, uache usiku kucha, uipanguse, urudie mpaka chaki isigeuke rangi. Usitie unga wa muhogo kama alivyofanya jirani yangu. Huo nao ni chakula, utakuwa umeongeza mchuzi.

Halafu usiupake kitu wiki nzima. Nyie hapa ndipo mnaposhindwa. Uache ukae wazi, uunuse kila siku. Koga ikirudi, rudia spiriti. Isiporudi, tia kiwi isiyo na rangi, au nta ya nyuki iliyolainishwa, kiasi cha punje ya mchele kwa upande mmoja, uisugue mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Kuhusu kabati: kama nyumba yako ni ya mawe na chokaa, ukuta ule unapumua maji na chumvi, kwa hiyo kabati isigusane nao. Mkoba uvae foronya, si nailoni. Na uutumie! Mkoba unaokwenda sokoni mara mbili kwa wiki unapata upepo. Ule wa kungoja Idi ndio unaoliwa.

Bi Fundi, nimenunua mkoba nikaambiwa ngozi tupu, una muhuri wa ngozi na kila kitu. Mwaka haujafika umeanza kumenyuka kama mtu aloungua jua. Upo mpira wa kupaka? Na nitajuaje siku nyengine? — Nimeliwa, Wete

Pole. Mpira wa kupaka haupo. Hiyo si ngozi inayomenyuka, ni utando wa plastiki uliobandikwa juu ya kitambaa, na unyevu unauvunja wenyewe hata ukiuweka ndani ya boksi bila kuutumia. Gundi utatia, kesho utamenyuka pembeni ya gundi. Utoe zipu na mabizimu uyaweke akiba, mwili uutupe.

Siku nyengine usianze na muhuri. Muhuri unaweza kubandikwa popote, na hata ukiwa wa kweli unasema ni ngozi, hausemi ngozi gani. Ng'ombe mmoja anapasuliwa matabaka: la juu lenye vinyweleo ndilo lenye nguvu, la chini mara nyingi hupakwa rangi nzito lipate sura ya la juu. Kwa hiyo tafuta mahali mkoba ulipochoka, kwani hapo haujui kusema uongo. Tazama ukingo wa mkanda uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi zilizofumana, plastiki ina mistari kama keki ya tabaka, na kitambaa kinachungulia katikati. Ukunje kwa kidole: ngozi inakunja vikunyanzi vidogo visivyofanana, bandia inakunja mkunjo mmoja wa ubishi. Vinyweleo vikiwa sawasawa kama vimepangwa na rula, vimepigwa chapa na mashine. Ukipata ruhusa, tia tone la maji kwa ndani. Ngozi tupu italinywa polepole. Ila kiberiti usiwashe. Mwenye meza atakutoa mbio, na isitoshe hata ngozi ya kweli iliyopakwa rangi nzito hunuka plastiki ikiungua.

Kisha pitisha kidole cha shahada ndani, kwenye mikunjo. Kikitoka na unga mwekundu, mrejeshee mwenyewe kwa adabu. Ngozi hiyo imeoza kwa asidi iliyojengeka ndani yake miaka mingi, na hakuna fundi wa kuirudisha, si mie wala wa Ulaya. Ukiipaka mafuta inageuka nyeusi na kukatika.

Mengine yote ni ya kuteremshia bei. Pembe zilizochubuka, uzi uliofumuka, kishikio kilichokatika. Zipu mbovu ni rafiki yako: muuzaji anaiona aibu, mie naibadilisha kabla ya adhuhuri. Mkoba nilioupenda kuliko yote mwaka jana niliupata kwa shilingi 12,000 kwa sababu haukufunga.

Mama fundi, mimi ni mwanafunzi, nataka kuanza biashara ya kununua mikoba ya zamani, niitengeneze, niuze kwa wageni Mji Mkongwe. Nimepata Coach ya zamani, ile mikoba ya Kimarekani, chafu sana. Nimeona watu mtandaoni wanaizamisha nzima ndani ya ndoo ya maji na sabuni! Kweli hii? — Kijana, Tunguu

Kweli, na mara ya kwanza kuona nilishika kichwa. Lakini ipo sababu yake. Coach ilianza 1941 New York, karakana ya familia tu, na mikoba yao ya kale ilishonwa kwa ngozi nene ya ng'ombe, haina bitana, haina karatasi ndani, na rangi imeingia mpaka upande wa pili. Wazo lilitokana na glavu ya besiboli, mchezo wa Wamarekani, glavu ambayo kila ikitumika inalainika. Mwaka 1962 wakamchukua mbunifu Bonnie Cashin, na yeye ndiye aliyeleta kile kifungo cha shaba cha kuzungusha, amekitoa kwenye vifungo vya paa la gari lake. Kwa hiyo kama wako ni wa aina hiyo, unastahamili maji. Wenye bitana, wenye boksi ndani, wa ngozi ya manyoya mafupi kama mahameli (suede), usiuzamishe kabisa. Utatoa uji.

Maji yawe vuguvugu, sabuni ya nywele za watoto kifuniko kimoja, dakika 15 hadi 20, upapase kwa sponji, suuza mpaka maji yawe safi. Yatatoka kama chai ya rangi, usishtuke. Usikamue. Ujaze taulo nyeupe, si gazeti, wino utahamia. Ukibakia na unyevu kidogo, uupake mafuta maalumu ya ngozi za mikoba kwa uchache, uunyooshe umbo lake kwa mikono.

Lakini hao unaowaona mtandaoni wanakausha kwenye nchi kavu na nyumba zenye mashine. Wewe uko Tunguu, na sasa ni masika. Mkoba nene uliolowa mpaka moyoni utachukua siku nne, siku tano, na koga inataka mbili. Ungoje kipupwe, Juni au Julai upepo wa kusi unapuliza, au kaskazi ya Januari. Kwa sasa upige brashi tu uuweke.

Na kuhusu wageni: mwambie mteja ulichokifanya. Ukibadilisha mkanda, sema mkanda ni wangu. Ukipaka rangi, sema. Kiwi nyeusi ya kufunikia michubuko ndiyo usiiguse kabisa, kwa sababu jasho la Zanzibar litaihamishia kwenye gauni jeupe la mtu saa sita mchana hapo Forodhani, na atakutafuta.

Bizimu la mkoba wangu limeota kijani. Nitumie nini? — Chake Chake

Ukwaju, kama mabibi walivyosafishia sinia za shaba. Roweka, sugua kwa kitambaa ukizuia maji yake yasifike ngozini (pitisha kipande cha nailoni chini ya bizimu), suuza, kausha hapohapo. Hiyo ni kwa shaba tupu. Sumaku ikinasa, ndani ni chuma; na pakichubuka pakaonekana peupe, ni madini ya bei rahisi yaliyovishwa rangi ya dhahabu. Hayo futa kwa kitambaa kikavu tu, ukwaju utakuvulia nguo yote.

Bitana ya ndani inanata kama lami. Nimetia poda, wapi. — Kiembesamaki

Poda haitasaidia, ni plastiki inayoyeyuka. Ikate yote, ushone mpya. Kitambaa cheupe cha marekani kinafaa, ila mie hutia kanga iliyochakaa, nimeifua kwanza mara tatu isichuje, na jina lake nalielekeza mdomoni mwa mkoba. Mteja wangu mmoja kila akitoa nauli anasoma maneno ya kumsuta jirani.

Bi Fundi, mama alifariki mwaka juzi. Ameniachia mkoba wa ngozi wa rangi ya mchanga, mzima kabisa, ila mbele una alama ya vidole vitatu vya hina, aliushika hina haijakauka siku ya harusi ya dada yangu. Nimejaribu sabuni, ndimu, spiriti. Naogopa nimeanza kuuharibu. Nitaitoaje? — Binti yake, Makunduchi

Mungu amrehemu. Acha ndimu leo hii, na spiriti pia.

Haitoki, mwanangu. Hina inashika ngozi yoyote, yako na ya ng'ombe, inaingia na kufungamana nayo. Mkononi inafutika kwa sababu ngozi yako inajibadilisha kila siku. Ya mkoba haibadiliki tena. Atakayekwambia ana dawa, dawa yake itakuachia shimo jeupe badala ya vidole.

Linalowezekana ni kuutia mkoba mzima rangi ya kahawia iliyoiva, hina ikapotea humo. Kazi ya siku mbili, naijua, na utatoka mzuri. Ukitaka, niletee kipupwe kikianza. Lakini mie nikiupokea nitaukausha hiyo ndimu, nitatia nta kidogo, nitashona palipofumuka kama pako, na kopo la rangi sitalifungua mpaka nikuulize mara ya pili, uso kwa uso.