Je, kumweleza daktari maumivu ya dawa za saratani ni kukosa subira?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Natibiwa saratani ya damu, dawa naingizwa kwa dripu. Natapika, mdomo umejaa vidonda, nywele zimetoka zote, na nikipewa ile dawa nyekundu hata mkojo hutoka mwekundu. Shangazi ananiambia muumini halalamiki, basi daktari akiniuliza namjibu "alhamdulillahi, sijambo". Swala nyingine zinanipita kwa uchovu, na udhu unanishinda kwa sababu ya kanula, ule mrija wa dripu, iliyofungwa mkononi. Nifanyeje? Na Ramadhani je?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Allah akupe shifaa isiyobakisha ugonjwa.

Dada yangu, swala nitaifikia. Naanza na daktari, maana hapo ndipo ninapokuhofia zaidi. Shangazi amekusudia wema, lakini kumnung'unikia Allah ni jambo moja na kueleza hali yako ni jingine. Nabii Ayyub alisema, "Hakika mimi imenigusa dhara" (Al-Anbiyaa: 83). Alitamka kwa ulimi wake, na bado Allah akamsifu: "Hakika tulimkuta ni mwenye subira" (Swad: 44). Sahaba Ibn Mas'ud naye alimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa na homa, akamwambia: una homa kali mno. Mtume akamjibu kuwa homa inayompata ni sawa na ya watu wawili miongoni mwao. Wameipokea Bukhari na Muslim. Basi Mtume alitaja mpaka kiasi cha homa yake, wewe unaficha nini?

Tena daktari hakujulii hali tu. Dawa hizi hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, kwa hiyo homa ikifika nyuzi 38 ni ya kukimbiziwa hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Kutapika nako kuna dawa zaidi ya aina moja. Ukisema hii haikusaidii, utatafutiwa nyingine. Sahaba Jabir amesimulia habari za mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, yaani kujipangusa kwa udongo safi badala ya maji, akaoga, akafa. Mtume aliposikia alisema, "Wamemuua!" Ameipokea Abu Daud. Kila nikiona mgonjwa anabebeshwa dini asiyoiweza, huikumbuka hadithi hiyo.

Sasa udhu. Osha viungo vizima, pangusa kwa maji juu ya bandeji ikiwa haidhuru, kisha utayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofungwa. Ikiwa bandeji haitakiwi kulowa kabisa, iache, tayamamu inatosha. Vitabu vya madhehebu yetu ya Kishafii vina maneno marefu kuhusu kuzirudia swala hizo bandeji inapokuwa mkononi. Kwa mgonjwa kama wewe nachukua kauli ya wasiowajibisha kurudia. Kusukutua katika udhu kwetu ni sunna tu, vidonda vikiwaka uache. Mswaki wa mti uweke kando, fizi zako sasa zinavuja damu upesi. Tumia brashi laini, na kwa ajili ya tiba usukutue kwa maji ya chumvi kama wauguzi watakavyokuelekeza. Kutapika hakutengui udhu katika madhehebu yetu, ila matapishi ni najisi, safisha yalipogusa.

Ukishindwa kusimama, swali umekaa. Ukishindwa kukaa, swali kwa ubavu, kama Mtume alivyomwambia Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Siku ya dripu unganisha Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Imam Ahmad ameruhusu hilo kwa mgonjwa, na Imam Nawawi, aliye Mshafii kama sisi, ameiona kauli hiyo ina nguvu. Zilizokwisha kukupita zilipe polepole, kwa kadiri ya nguvu zako.

Ramadhani usifunge. Wengi huuliza kama dripu inafunguza, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilishaamua mwaka 1997 kuwa sindano za tiba hazifunguzi ila zile za lishe. Kwako mjadala huo hauna kazi: unatakiwa unywe maji mengi, na aya ya 184 ya Al-Baqara imekupa siku nyingine. Ukipona utalipa. Madaktari wakikata tamaa ya wewe kuweza kufunga tena, utatoa kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku moja.

Wigi la nywele za watu liache. Mtume aliulizwa hasa kuhusu binti aliyepukutika nywele kwa maradhi, akakataza kumuunganishia nyingine. Mtandio mzuri unatosha, na kwa kawaida nywele huota tena tiba ikiisha. Habasoda, asali au majani yoyote utakayoletewa, mwonyeshe daktari kwanza, hata kama yamesomewa.

Wekundu wa mkojo ni rangi ya dawa yenyewe, si damu. Stanji, yaani jisafishe baada ya haja, kama kawaida. Ukizidi siku mbili, mwambie muuguzi.

Shangazi naye msomee jibu hili, kisha umwombe akusindikize siku ya kliniki, akukumbushe utakayosahau kumwambia daktari. Wallahu aalam.