Badilisha tiyo zote, si kipande tu
Kaka, umeuliza kama ubadilishe kipande kinachovuja ao tiyo zote za maji za gari lako la kulala ndani safarini, la 1988. Zote! Zile za kijivu ni polibutileni, aina ya plastiki ya zamani. Klorini ya maji huzitafuna polepole kutoka ndani. Ukiziba huku leo, kesho zinapasuka kule. Na usiweke tiyo za PVC, ile plastiki ngumu isiyojipinda, maana kwa mawe ya volkano ya barabara zetu za Goma mtikisiko utazipasua kwenye viungo. Weka PEX, tiyo ya plastiki laini, ya nusu inchi: inajipinda konani, viungo vinapungua. Ila usiiache juani.

Kabla ya kurudisha mbao zinazofunika tiyo, washa pompi ya maji, funga robine zote, uisikilize usiku. Pompi ikiwaka yenyewe, kuna mahali panavuja.