Tambarare si mteremko: ushauri kwa waendesha baiskeli za mbio wa Malindi

Kila Julai Tour de France ikianza, maneno ni yale yale: leo ni tambarare, hakuna jambo, tuamsheni zikibaki kilomita tatu. Kwa aliyelala kwenye kochi, sawa. Kwa anayetaka kushindana, siku hiyo ndiyo ya kutazama tangu mwanzo. Mlimani mwenye nguvu hupanda na asiye nazo huachwa, basi. Kwenye tambarare hata mwenye nguvu huachwa dakika nzima, kwa sababu tu alikuwa mtu wa hamsini barabara ilipokata kona na upepo ukawa wa ubavuni.

Hayo yalimfika Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 2013. Katika hatua (mbio za siku moja) ya 13 iliyoishia Saint-Amand-Montrond alikuwa amevaa jezi ya njano ya kiongozi wa jumla, na hapakuwa na kilima cha maana. Timu ya mpinzani wake Alberto Contador iliongeza kasi kwenye upepo wa ubavuni zikiwa zimebaki kama kilomita 30, kundi likakatika, na Froome akapoteza dakika 1 na sekunde 9. Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili kwa jumla, gurudumu lake lilivunjika siku hiyo hiyo mbele wakiendelea kukimbizana. Akafika karibu dakika 10 nyuma. Froome aliutwaa ubingwa mwaka huo, lakini si kwa sababu ya siku ile.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa, karibu kazi yote ya miguu ni kusukuma hewa. Anayekata upepo mbele anaweza kuwa anatoa wati 350, na aliyejibanza katikati ya msafara akatoa nusu ya hapo. Kwa hiyo kwenye hatua ya kilomita 190 swali si nani ana wati nyingi, bali nani hajazitumia. Usikae mbele kabisa, usikae mkiani. Nafasi ya 15 hadi ya 30 ndiyo nzuri. Mkiani kuna ubaya wa pili: kundi likifika kona au kipilefti, wa mbele hugusa breki kidogo, wa mia karibu asimame kabisa, halafu akimbize kwa nguvu zote kuliziba pengo. Fanya hivyo mara arobaini kwa siku uone kama jioni utakuwa na miguu.

Sasa upepo wa ubavuni, ambao watu wa Malindi hawana haja ya kuelezwa na Mfaransa. Anayejua upande wa joshi (upepo unakotoka) na upande wa demani (unakoelekea) wa chombo ameshaelewa nusu ya mbinu. Upepo ukitoka kulia, kivuli chake hakiko nyuma ya mwenzako moja kwa moja. Kiko nyuma yake kushoto. Kwa hiyo watu hujipanga mshazari, wa kwanza upande wa joshi, wengine wakishuka kuelekea demani, hadi wa mwisho aguse ukingo wa lami. Barabara ikiisha, safu imeisha. Anayefuata hana kivuli. Hung'ang'ania ukingoni peke yake, na hapo ndipo kundi linapokatika.

Ukijikuta wewe ndiye huyo wa ukingoni, usivumilie ukidhani mambo yatatulia. Hayatulii. Piga kelele, jitoe, anzisheni safu ya pili nyuma haraka. Watu wanne wakipokezana vizuri watafika; wanne waliojipanga msitari mmoja ukingoni watachoka kwa dakika tano.

Zamu mbele iwe fupi, sekunde 15 hadi 20. Ukimaliza, jitoe kuelekea upepo unakotoka, ili unaporudi nyuma uwe ngao ya wanaopanda. Usiongeze kasi zamu yako inapofika. Hilo ndilo kosa la kila kijana anayetaka kuonekana, na linaacha pengo la baiskeli moja ambalo wa nyuma atalilipa. Shika kasi ile ile uliyoikuta. Tena usiyumbe: kwenye mshazari gurudumu lako la mbele liko ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako, na yakigusana anayeanguka ni wewe, yeye anaweza asijue hata kilichotokea.

Pa kufanyia mazoezi papo. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, tokeni Malindi, vukeni daraja la Sabaki, elekeeni Mambrui na Gongoni. Upepo utawapiga kwa mbele kulia. Safu itashuka kushoto kuelekea ukingo, na huko ndiko tunakotakiwa kuwa, maana Kenya tunaendesha kushoto. Wakati wa kusi, ukirudi kutoka Gongoni kuja Malindi, upepo unatoka baharini, mbele kushoto, na safu ingetakiwa kutanuka kulia, yaani mbele ya malori ya chumvi. Usijaribu. Ufaransa wanafungiwa barabara. Sisi tuna matatu, bodaboda na matuta. Siku hizo nendeni wawili wawili, safu isizidi nusu ya njia yenu, na wa nyuma kabisa awe na kazi moja tu ya kusikiliza magari na kuita. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kuanzia saa nne upepo umeshapanda na magari yamejaa.

Kuhusu wale wanaotoroka mapema: watangazaji wana kanuni ya zamani inayohusishwa na Mfaransa Robert Chapatte, kwamba msafara ukiamua unaweza kufuta dakika moja kila kilomita 10. Wanne wakiwa mbele kwa dakika 4 zikibaki kilomita 40, watakamatwa karibu na mwisho. Ukiona timu za wakali wa kukimbiza mita za mwisho zinasitasita ilhali zinaweza kuwakamata, si uzembe. Wakikamatwa mapema wengine wapya watatoroka, na kazi itaanza upya.

Mwisho wa mbio ndipo wengi wanapoharibu kila kitu walichokitunza. Kabla ya kilomita 5 za mwisho timu zimeshajipanga foleni, mkali wao akiwa wa mwisho kwenye foleni. Timu ina watu 8 tu, na mmoja mmoja anateketea: zikibaki kilomita 3 wamebaki wanne au watano, kwenye alama nyekundu ya kilomita ya mwisho wawili au watatu. Mvutaji wa mwisho hujitoa zikibaki kama mita 200, kasi ikiwa imepita kilomita 60 kwa saa. Kiongozi wa jumla naye huwa hapo mbele, si kwa kutaka kushinda, bali kwa kukwepa maanguko. Akianguka au kupata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho za hatua kama hiyo (nyingine huongezwa hadi 5), hupewa muda wa kundi alilokuwa nalo.

Lini uachie kasi yako ya mwisho? Upepo ukiwa wa mbele, subiri hadi mita 150, maana anayeanza mapema anawakatia wenzake upepo bure. Ukiwa wa nyuma, unaweza kuondoka mita 250 na asikukute mtu. Ukiwa wa ubavuni, shika ukingo wa demani: upepo ukitoka kushoto, enda karibu na ukingo wa kulia, ili anayekufuata asipate pa kujificha. Ila shika mstari wako. Anayekata njia ya mwenzake hushushwa nafasi hata kama amevuka wa kwanza.

Gia nayo. Wengi wetu tunaona gia ya meno 11, ndogo kabisa kule nyuma, tunadhani ndiyo ya ushindi. Kwa 52 mbele na 14 nyuma, ukizungusha mara 110 kwa dakika unapata takriban kilomita 51 kwa saa, na miguu bado ina pa kuongezea. Kwa 52 na 11 kasi hiyo hiyo ni mizunguko kama 86, mizito, na mwenye gia nyepesi atakuruka katika mita 50 za kwanza. Anza na 14, shuka hadi 13 au 12 kasi ikishashika.

Ushindi wa tambarare kwenye Tour una pointi 50 za jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi kuliko wote, ule wa milima mikubwa 20. Ndiyo maana Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu mwaka 2024 kuanzia Torino, alirudi nyumbani na jezi hiyo.

Chakula ni kifupi: gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa, kuanzia nusu saa ya kwanza, si unapohisi njaa. Chupa ya mililita 750 yenye sukari vijiko vikubwa vitatu na nusu, chumvi robo kijiko cha chai na ndimu iliyokamuliwa, pamoja na ndizi moja, inakupa kama gramu 70. Kwa jua la Malindi chupa moja kwa saa ni chache. Beba ya pili ya maji matupu. Tende ni nzuri, lakini toa kokwa nyumbani.

Mkirudi, kama kesho kuna hatua nyingine, fundi ataanza na cheni kabla ya kitu chochote. Upepo wa baharini huacha chumvi kila mahali. Osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Kausha cheni kwa kitambaa, weka tone moja la oili kwa kila pingili, zungusha pedeli dakika moja, kisha futa yote ya nje. Oili inayobaki juu inashika mchanga, na mchanga ukishaingia, cheni itaruka gia siku utakaposimama kwenye pedeli mita 200 za mwisho.