Suka (dereva), kanyaga mafuta! Majibu ya maswali yenu kuhusu lugha ya madereva

Kwa nini tunasema "kukanyaga mafuta" ilhali mguu haugusi mafuta? (Msomaji, Morogoro)

Kwa madereva wetu pedeli tatu zina majina mafupi: klachi, breki, mafuta. Mwalimu wa udereva husema "kanyaga mafuta", basi. Mtaani maana ikapanuka. Hata anayelima shamba akiambiwa hivyo anajua anahimizwa. Wakenya husema "kanyagia, dere". Kinyume chake ni "achia mafuta", usemi ninaoupenda kwa kuwa abiria anaweza kumwambia dereva bila kumvunjia heshima.

Mjomba ni dereva wa lori. Amerudi akisema "nimepigwa tochi". Nani kampiga? (Msomaji, Singida)

Trafiki wa kupima mwendo. Kifaa chake hakitoi mwanga unaoonekana. Hutuma mawimbi ya redio au leza, yakigonga gari yanarudi na kasi inajulikana. Naona jina limetokana na namna kinavyoelekezwa garini, kama mtu anayemulika gizani. Yaelekea mjomba alipita kwenye kibao cha 50 (kilomita 50 kwa saa) akiwa juu ya hapo. Madereva huonyana kwa kuwashiana taa, yaani "mbele kuna tochi". Onyo hilo silipendi hata kidogo. Kibao cha 50 huwekwa penye makazi ya watu, na wanaovuka hapo ni pamoja na watoto wa shule.

"Kumaliza kisahani" ni nini? (Msomaji, Tanga)

Ni mshale wa spidi kufika mwisho wa namba. Kumbuka kwamba kwenye 100 tu, gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde.

Na "ligi" ya barabarani? (Msomaji, Mbagala)

Ni magari mawili kushindana nani atangulie. Neno limetoka kwenye soka. Kwa daladala chanzo ni hesabu. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka fedha yake kamili, na abiria wa kituo kijacho ni wa atakayefika kwanza. Ndiyo maana inaniuma nikisikia abiria wakishangilia, "Suka, usikubali!"

"Mwendokasi" ni neno moja au mawili? (Msomaji, Kimara)

Moja, ukitaja mabasi yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ambayo rasmi huitwa Mabasi Yaendayo Haraka. Ukimsimulia dereva aliyekimbiza gari, andika "kwa mwendo wa kasi", au "kwa kasi" tu, inatosha kabisa.