Kabla ya mkoba wa dharura, kaeni mkubaliane

Ushauri wa kujiandaa kwa majanga mara nyingi huanza na orodha ya manunuzi: tochi, redio ya betri, sanduku la huduma ya kwanza. Vyote vina kazi yake. Lakini usiku ule maji yalipovamia mtaa wetu, niliona watu wenye tochi nzuri mkononi wakikimbia huku na huko wakiita majina, baba akidhani mtoto yuko na mama, mama akidhani yuko na shangazi. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aite kikao cha nyumba nzima, watoto wakiwemo. Hakigharimu kitu, na jioni moja inatosha.

Kubalianeni nani anambeba mtoto mdogo. Kwetu kuna bibi asiyesikia vizuri, kwa hiyo yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kwenda kumgusa bega na kumshika mkono, basi. Mwingine anazima swichi kuu ya umeme, ila kama maji yameshaifikia, au mtu mwenyewe amesimama majini, asiiguse kabisa. Chagueni sehemu mbili za kukutana: moja hapo nje karibu na nyumba, kwa ajili ya moto, na nyingine mbali kidogo, endapo mtaa wenyewe haupitiki. Tafuteni pia ndugu mmoja anayeishi mbali, ambaye kila mtu atamjulisha alipo. Mtandao ukielemewa, ujumbe mfupi mara nyingi hupita hata pale simu za kawaida zinapogoma. Namba yake iandikwe kwenye karatasi na watoto waikariri, maana simu ikiisha chaji namba zote zimelala nayo.

Kisha fanyeni mazoezi usiku, taa zimezimwa. Sisi tulipojaribu, tulifika mlango wa nyuma tukakuta umefungwa, na ufunguo unatundikwa upande wa pili, kule ambako moto wa jikoni ungetuzuia kupita. Sasa ufunguo uko kwenye msumari pembeni mwa mlango wenyewe, usawa wa mkono wa mtoto. Jambo kama hilo hulioni kwenye karatasi. Wafundisheni watoto kutambaa moshi unapotanda, kwa kuwa hewa nafuu iko chini, na aliyekwisha kutoka asirudi ndani kufuata kitu chochote, iwe simu au pesa.

Baada ya watu, maji. Weka akiba ya takribani lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku zisizopungua 3. Nyumba ya watu watano inahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Akiba ikiisha na maji mliyonayo yana shaka, yachuje kwa kitambaa safi, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, au 3 kama mnaishi juu ya mita 2,000. Ila maji yaliyochanganyika na mafuta au kemikali hayasafishiki kwa kuchemsha, hayo msiyanywe.

Kuna jambo moja ninalolisema kwa msisitizo kila ninapopata nafasi. Umeme ukikatika na baridi ikiingia, watu huingiza jiko la mkaa chumbani au kuwasha jenereta ndani wakiwa wamefunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka humo, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na humuua mtu akiwa usingizini. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika chache za kuota moto.

Na maji yanayokwenda kasi msiyavuke. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kulisukuma gari dogo. Kuchelewa kufika upande wa pili si hasara.

Mkoba wenyewe sasa. Tangulizeni dawa za kila siku, na kama kuna anayetumia insulini, muulizeni daktari mapema namna ya kuweka akiba na kuitunza. Vitambulisho, vyeti na nakala zake viingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Ongezeni miwani, taulo za kike, filimbi ya kuitia msaada, noti ndogo ndogo, na chakula kisichohitaji kupikwa. Mkoba ukae karibu na mlango, usizidi uzito ambao mmoja wenu anaweza kuubeba akikimbia.

Kila baada ya miezi sita ufungueni. Badilisheni maji, kagueni betri na tarehe za dawa, na mjaribishieni mtoto zile nguo mlizomwekea, kwani hizo ndizo husahaulika zaidi na yeye anakua haraka.