Maswali ya Wasomaji: CD ya Zamani, Kompyuta Mpya

SWALI: Ndugu Mhariri, nina CD ya masomo ya sayansi ya mwaka 1995, yenye picha, sauti na video. Kwenye Windows 11, nikibofya SETUP.EXE naambiwa programu haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Nimeingia Compatibility (mipangilio ya Windows ya kuendeshea programu za zamani) nikachagua Windows 95, bado inagoma.

JIBU: Achana na Compatibility kwa sasa. Kazi yake kubwa ni kuionyesha programu kwamba iko kwenye Windows ya zamani. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, yaani za muundo wa zamani zaidi, na Windows 11 haina toleo la biti 32.

Lakini pima kwanza, kwa kuwa mara nyingi kisakinishi pekee ndicho cha biti 16, na programu yenyewe ni ya biti 32. Fungua SETUP.EXE kwa Notepad bila kuhifadhi chochote. Karibu na mwanzo kuna sentensi ya Kiingereza inayotaja DOS au Windows. Baada yake tafuta herufi mbili. NE ni biti 16, PE ni biti 32. Kisha pima faili kuu ya programu. Ikiwa ni PE, nakili CD nzima kwenye folda, uifungue faili hiyo moja kwa moja bila kusakinisha. Ikidai rangi 256, hapo ndipo Compatibility inapofaa: weka rangi za biti 8 na skrini ya 640 x 480.

Ikiwa ni NE, jaribu otvdm, programu ya bure inayoendesha programu za biti 16 kwenye Windows ya biti 64: buruta SETUP.EXE uiachie juu ya otvdm.exe. Programu nyepesi huitikia. Zenye video nyingi zinaweza kukwama. Tunayoiamini zaidi ni kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako: sakinisha VirtualBox, programu ya kuitengeneza, ndani yake Windows XP ya biti 32 yenye leseni. Ipe RAM ya MB 512, diski ya GB 10 na sauti ya ICH AC97. Mtandao uzime, maana Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014. Humo ndani, iache CD isakinishe QuickTime yake ya zamani, programu ya Apple ya kuchezea video. Usiiweke kwenye Windows 11 yenyewe: Apple iliacha kuihudumia QuickTime ya Windows mwaka 2016, na ina mianya ya usalama inayojulikana.

Kama unachotaka ni video tu, tafuta faili za AVI na MOV ndani ya CD uzifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Inasoma Cinepak na Indeo, miundo iliyotumika sana miaka ile.

SWALI: Nilitengeneza ISO (faili moja yenye nakala ya CD) ya mchezo wa DOS. Mchezo unafunguka kwenye DOSBox, programu ya kuigiza DOS, ila muziki haupo.

JIBU: CD hiyo ina nyimbo za sauti baada ya sehemu ya data, na ISO hubeba data peke yake. Inakili upya kwa ImgBurn, programu ya kunakili CD. Ikikuta nyimbo, hutoa faili mbili, BIN na CUE. Ziache kwenye folda moja, kisha ndani ya DOSBox andika: imgmount d c:\cd\mchezo.cue -t iso. Ukiibadilisha jina BIN, fungua CUE kwa Notepad urekebishe jina hilo mstari wa kwanza, la sivyo haitapatikana.